Ukuta Nyuma ya Kabati

4 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Nyonga inasemaje wiki hii? Kaka anasema sasa unatembea na fimbo mpaka uani na kurudi, na kwamba ukifika uani unamsema kila anayefua vibaya. Nikajua unapona. Mimi sijambo. Karakana ina kazi, na vidole vyote kumi ningali navyo, nakuambia kabla hujauliza. Naandika kwa sababu kwenye simu wewe unasikia mvumo tu, na mimi napiga kelele mpaka majirani wote wanajua habari zetu.

Nina ombi. Jana alikuja mkunga mpya wa zahanati. Bado msichana, mfupi, anaongea haraka kama anayekimbizwa. Aliomba aonyeshwe Kobe, gari lako. Nikampeleka nyuma ya karakana, nikafunua turubai, nikaanza kumtembeza kama mtu anayeonyesha jumba la kifalme: hapa Mama alilala, hapa alipika, hapa kwenye kitanda cha nyuma walijifungua wanawake, na miaka ishirini na sita nyumba hii iliwafuata watu huko barabara zinakokwisha. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akashika ubavu wa gari kwa kiganja, akaniuliza, "Kwa hiyo huyu ndiye?" Mama, aliuliza kama mtu aliyekutanishwa na bibi yake.

Anasema kule anakokwenda na pikipiki, wanawake bado wanamwuliza Kobe yuko wapi.

Injini ni nzima, niliiwasha. Kinachoumwa ni mwili. Miaka minne chini ya turubai tangu ustaafu haikumsaidia, ingawa naona ugonjwa wenyewe ni wa zamani zaidi. Ukuta wa nyuma, upande wa kulia, umevimba, na sakafu chini ya kitanda inabonyea kama mkate uliolowa chai. Nataka kumfungua, Mama, kuta na sakafu, nione maji yamefika wapi, nimtengeneze, kisha apewe huyu binti. Kwamba mimi nilichagua useremala badala ya ukunga, hilo tuligombana tukalimaliza. Lakini hii ni kazi ya mbao. Nipe ruhusa.

Mwanao,
Kitindamimba


15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nyonga ipo, inanikumbusha kila ngazi. Wajukuu wazima, kaka yako ananenepa.

Kuhusu Kobe, hapana. Usimfungue. Mwite mnunuzi wa vyuma chakavu aje amchukue mzima mzima, pamoja na vyote vilivyomo. Huyo mkunga watamtafutia gari wale waliomwajiri.

Na lile kabati la nyuma usiliguse. Nakuomba kama mama.

Kula vizuri.

Mama yako


9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Ungeniona ungeona naandika nimepiga magoti. Natumaini mwili unaendelea vizuri, kwa sababu barua hii itakuudhi na sitaki ikukute mgonjwa.

Nilikutii. Mnunuzi wa vyuma alikuja na mnyororo, akaufunga kwenye bampa, akaanza kuvuta. Kobe akasogea kidogo, akatoa mlio, na mimi nikasikia mdomo wangu unasema, "Simama. Fungua mnyororo." Sikuwa nimepanga. Yule bwana aliondoka ananitukana, na haki anayo.

Basi nimemfungua. Nakueleza nilichokiona, kwa sababu sina mwingine wa kumweleza atakayejali.

Nilianzia sakafuni. Nilichomeka bisibisi karibu na mlango, ikagoma. Nikasogea hatua moja, ikagoma. Nilipofika chini ya kitanda ilizama mpaka kwenye mpini kabla sijasukuma. Nikaivuta, ikatoka na unga mweusi. Hapo nikageukia ukuta, na ukutani lilikuwapo kabati. Mama, nani alilipigilia lile? Misumari ya inchi nne, kumi na saba, kwenye ukuta ambao hata mitatu ungeilalamikia! Nilitumia asubuhi nzima kuling'oa.

Nyuma yake plaiwudi ilikuwa imeoza ikawa laini kama uji ulioganda. Nikaibandua kwa mikono. Na ndani, katikati ya mbao za ukuta na bati la nje, kulikuwa na ukungu mweupe umetanda kutoka darini mpaka chini, nyuzi nyuzi, kama kitambaa alichofuma mtu mwenye subira kuliko binadamu yeyote. Ni adui yangu ule, sikupaswa kuuona mzuri. Lakini nilikaa nikautazama mpaka chai yangu ikapoa.

Halafu nikafuata njia ya maji. Yaliingia mahali fulani juu, bado sijapajua. Yakashika mbao ya dari, yakaifuata mita mbili nzima bila kudondosha. Yakafika kwenye kiungo, yakapinda, yakashuka ndani ya nguzo ya ukuta, yakajilaza kwenye mbao ya chini, kisha yakatambaa chini ya sakafu mpaka katikati ya kitanda. Mita tano gizani, na hayakukosea kona hata moja. Mimi nikipewa mchoro na tochi napotea.

Sakafu aliyobaki nayo Kobe pale nyuma ilikuwa nyembamba kama jalada la daftari. Wewe ulisimama juu yake, Mama. Na wanawake walilala juu yake, na watoto wakazaliwa, na hakuna aliyeanguka. Nilipima mara mbili. Sielewi nani aliyekuwa anawashika.

Nigombeze, nimeshainamisha kichwa. Ila ujibu.

Mwanao,
Kitindamimba


2 Juni

Mama,

Shikamoo. Wiki saba sasa. Kaka anasema barua yangu uliisoma mara moja, ukaitia chini ya mto, na tangu siku hiyo unakula lakini husemi. Kama ni hasira, nitaibeba. Kama ni maumivu, niambie nije.

Nilisimamisha kazi siku nne kwa ajili yako, kisha nikaendelea, maana gari lililofunguliwa halingoji. Nilimwacha wazi mwezi mzima akauke, madirisha yote wazi, feni mbili zinampulizia kama mgonjwa wa homa. Nikakata kila mbao iliyooza mpaka nilipofika kwenye mbao inayolia kavu ukiigonga, na hapo nikaunga mpya kwa mshazari. Bado sijafunika kitu. Kabla ya kufunika ilibidi nijue maji yanaingilia wapi.

Nikamwomba jirani ashike mpira wa maji juu ya paa, mimi nikakaa ndani na chaki. Dakika ishirini, kavu. Jirani akaanza kulalamika mkono. Ndipo nikaona mbao ya dari inang'aa mahali padogo, pakubwa kama kichwa cha msumari, kisha tone likajikusanya, likaanza safari yake palepale pa zamani. Nilishangilia mpaka jirani akadhani nimeumia.

Ni ile taa uliyoifunga juu ya paa ili watu wajue upo. Ina skrubu nne. Tatu zimeshika mbao. Ya nne imepita pembeni ikatoboa bati bure, na gundi iliyoizunguka imekauka ikapasuka. Kijiti cha kiberiti hakipiti kwenye tundu lile. Tundu dogo hivyo, Mama, na kazi yote ile! Sikulaumu. Nimeshangaa tu, nikataka nawe ushangae.

Nimeliziba. Tukamwagia maji saa mbili nzima, hakuna lililopita.

Tafadhali andika hata mstari mmoja.

Mwanao


20 Juni

Mwanangu,

Marahaba kwa salamu zote nilizoziacha bila jibu. Afya ninayo. Kilichokuwa kimepotea ni ulimi.

Taa niliifunga mimi. Nilipanda juu ya paa mwenyewe na bisibisi ya kuazima, kwa sababu watu walisema hawajui lini nipo na lini sipo. Nilijivunia sana taa ile. Sikujua habari za skrubu ya nne mpaka uliponiandikia.

Lakini kwamba ukuta unavuja, hilo nilijua.

Mwaka wangu wa saba wa kazi, wewe ukiwa darasa la kwanza, waliniletea mwanamke mchana mmoja mvua ikinyesha. Alikuwa amevuja damu njiani tangu alfajiri. Mtoto nilimpata mzima. Mama yake sikumpata. Nilifanya yote niliyofundishwa, na mengine ambayo hakuna aliyenifundisha. Mwishoni alitulia, amelala ubavu, anatazama ukuta. Nikadhani ananiambia jina la mtoto, nikainama. Akasema, "Mkunga, nyumba yako inavuja."

Nikatazama. Palikuwa na tone linateremka ukutani, polepole. Nikamwambia, "Nitaziba." Nilikuwa nimemshika mkono. Alipokwenda, tone lile lilikuwa bado halijafika kitandani.

Mtoto alilelewa na shangazi yake, akakua, ni mzima. Mimi sikuziba. Mrija mmoja wa gundi ungetosha, na duka lilikuwa palepale kwenye kona. Lakini kila nilipotazama doa lile nilimwona yeye. Basi nikanunua kabati badala ya gundi. Misumari kumi na saba ni yangu, niliipiga siku moja, na ningekuwa na zaidi ningepiga zaidi. Kisha kwa miaka kumi na tisa iliyobaki nikawalaza wanawake wa watu kando ya kabati lile, nikawaambia, "Lala hapa, hapa ni salama." Wewe umepima ile sakafu. Umeniambia ilikuwa jalada la daftari.

Nilitaka Kobe aondoke mzima ili usione. Sasa umeona. Na wewe, Mungu akuweke, ulichoona ni njia ya maji.

Sijui uniambie nini. Usijilazimishe.

Mama yako


11 Julai

Mama,

Shikamoo. Nilishakujibu, kurasa mbili, nikazichana. Zilikuwa na hekima nyingi mno, na wewe unanijua, sina hekima hizo. Kisha juzi Jumanne kukatokea jambo, na nadhani jibu langu ni hilo.

Kwanza nami nikiri la kwangu. Nilipoacha chuo cha ukunga nilikuambia ni kwa sababu napenda mbao. Napenda kweli. Ila sikukuambia kwamba siku ya kwanza kuingia chumba cha kuzalia nilizimia, nikaangusha trei nzima ya vyombo, na kwamba walinitoa kwa kiti cha magurudumu nikipitishwa mbele ya waja wazito, nao wakanicheka na uchungu wao vilevile. Nikaona bora wewe ukasirike miaka miwili kuliko ujue.

Haya. Jumatatu nilimaliza sakafu. Maboriti mapya, plaiwudi nene, imegundishwa na kukazwa, bado haijatandikwa zulia lake la plastiki. Ukuta wa nyuma uko wazi, mbao zinaonekana. Jumanne saa nne asubuhi nikasikia kishindo barabarani. Pikipiki ya mizigo, ile ya magurudumu matatu, tairi limepasuka mbele ya geti langu, na nyuma yake amelala mwanamke juu ya godoro, na mama mkwe wake anamshika kichwa. Walikuwa wanakwenda zahanati. Nikatoka nikamsaidie dereva kubadilisha tairi. Yule mama mkwe akanyanyua macho, akatazama juu ya ukuta wa karakana, akaona paa la Kobe.

"Si lile gari la Mama Mkunga?" akasema.

"Ndilo, mama, lakini halijakamilika, na mkunga hayupo."

"Wewe ni nani?"

"Mwanawe."

"Basi yupo," akasema, akaanza kumshusha mkwewe.

Mama, nilibishana naye hatua kama kumi, nikiwa nimebeba upande mmoja wa godoro.

Nikampigia simu mkunga mpya. Yuko mlimani, dakika arobaini. "Weka sauti kubwa," akasema, "nawa mikono mpaka viwiko, tandika shuka safi, piga magoti."

"Mimi ni seremala."

"Leo piga magoti."

Nilitaka kuzimia, nakuapia, lakini hapakuwa na nafasi. Mama mkwe alikuwa amekaa mahali ambapo ningeangukia. Mwanamke alisukuma miguu yake kwenye boriti jipya la ukuta, na ni yeye aliyekuwa na nguvu pale, mimi nilikuwa na mikono tu. Kichwa kikatoka. Kikatulia hapo, macho yamefumbwa, uso umekunjwa kama mtu anayekumbuka kitu. Nikanyoosha mikono.

"Usivute!" simu ikapiga kelele. "Wewe pokea."

Nikasubiri. Na Mama, akageuza bega. Mwenyewe. Kimyakimya akajizungusha robo duara, akalipitisha bega moja, kisha jingine, pale ambapo mimi kwa vipimo vyangu vyote ningeapa kwamba haiwezekani kupita kitu. Akanijia mikononi mzima, mzito, wa moto.

Alikuwa wa samawati, na kimya. Simu ikasema, "Msugue mgongo kwa taulo." Nikamsugua. Sikujua namna, basi nikamsugua kama ninavyopiga msasa mbao laini, kufuata nyuzi, bila kukandamiza. Mara moja, mara mbili. Mama mkwe ameacha kupumua, mimi nimeacha. Sakafu haikulia hata kidogo, tumo watu wanne juu yake na haikulia. Aliyelia ni mtoto.

Nilimweka kifuani pa mama yake. Yule mwanamke akamtazama, kisha akanitazama mimi, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Samahani dada, hii harufu nzuri ni ya nini?"

Nikamwambia, "Ni mbao."

Mkunga mpya alifika, akakata kitovu, akakagua wote wawili kila mahali, akasema wazima. Mimi nikatoka nje nikakaa juu ya rundo la mabaki ya mbao.

Kwa hiyo ni hivi, Mama? Ndiyo uliyokuwa unayaona, kila wiki, miaka yote ile? Kisha unarudi nyumbani, unavua viatu mlangoni, unatuuliza kama tumekula?

Uliwalaza juu ya jalada la daftari na wakasimama wakaenda makwao. Yule mmoja simjui na siwezi kumsemea. Ila nimepiga magoti mahali pako kwa saa moja, na sasa nashangaa uliwezaje kusimama tena kesho yake na kuwasha gari.

Mwanao,
Kitindamimba


20 Julai

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Sote wazima.

Nilimsomea kaka yako barua yako kwa sauti. Akatoka nje, akasema vumbi limemwingia machoni. Ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa. Mimi nimecheka kwa ajili ya ile trei mpaka nyonga ikauma. Mwanangu, mimi nilizimia mara mbili. Ungeniuliza.

Hukukosea kitu, ila kata kucha.

Nilikuwa nawauliza kama mmekula kwa sababu mikono ilikuwa bado inatetemeka, na swali lile halihitaji mikono.

Taa uirudishe juu ya paa, safari hii chini yake pawe na mbao. Ukuta wa nyuma umeufunga? Usiufunge. Nakuja Jumamosi ya tarehe tatu. Kaka yako amekataa katakata, kwa hiyo ndiye atakayenileta.

Mama yako


16 Agosti

Mwanangu,

Marahaba mapema, kabla hujanisalimu. Nilifika salama, nyonga ilinuna siku tatu, sasa imesamehe. Kaka yako bado.

Siku ile sikusema mengi, ukadhani nimechoka. Sikuwa nimechoka. Uliponibeba ngazi zile mbili ulinishika kama unavyoshika mlango, upande mmoja begani, ukanitua bila kunigonga popote, nikajikuta nimesimama mbele ya ukuta ambao niliuegemea nusu ya maisha yangu na sikuwahi kuuona. Mimi nilidhani ukuta ni ukuta. Kumbe ndani mna nguzo, na mapito, na mbao inayoitegemea nyingine, kama ubavu wa kiumbe. Na pale ulipounga, mbao yako nyeupe imelala juu ya ile ya zamani ya kahawia kwa mshazari, nikapitisha ukucha nisipate mwanzo wala mwisho. Nimeshika mikono ya watu wengi. Sikujua nimezaa mikono ya namna hii. Miaka miwili ile niliyokununia, nilikuwa nakununia kwa ajili ya mikono hii.

Nilipokuomba utoke nje, ulitoka bila kuuliza. Asante. Nitakuambia nilichofanya. Niliingiza mkono katikati ya nguzo mpaka pale lilipopita tone. Pakavu. Nikamwambia yule mwanamke kwamba nimechelewa sana, lakini pamezibwa. Sikuziba mimi, ameziba mwanangu, na sidhani kama huko aliko wanatofautisha. Nikamwambia pia kwamba tarehe tisa Julai alizaliwa mtoto hapo, na hakuna aliyeondoka. Sikutegemea kusikia jibu na sikusikia. Nilisimama tu, mkono ndani ya ukuta, na nikaona sina haraka ya kuutoa. Hilo lilikuwa jipya kwangu.

Mkunga mpya ameniandikia. Anaandika kama anavyoongea, hana nukta. Yeye na Kobe waliondoka Jumatano, na mpaka Ijumaa watoto wawili, na mvua mbili. Anasema amelala humo, na kwamba ukitembea pekupeku kwenye ile sakafu unajisikia mtu mkubwa.

Jambo la mwisho. Zile skrubu nne ulizoniachia nikaze mwenyewe tulipofunga ukuta, zimekaa upande. Niliziona. Nawe uliziona, ukanyamaza, ukasema "safi kabisa, Mama." Usinidanganye tena. Kobe akipita kwako zing'oe, uzikaze upya, zinyooke. Mwanamke anayelala pale ana muda mrefu wa kutazama ukuta.

Mama yako